Kundi Namba Kumi na Saba

Mimi sina ugomvi na serikali yangu. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji ajue anazungumza na mtu mtiifu, mwalimu wa michezo wa miaka kumi na tisa kazini, ambaye hajawahi kuchelewa kwenye mapokezi ya kiongozi wala kuondoka kabla ya kuruhusiwa. Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba hubadilishwa kila anapozaliwa mjukuu wa mkubwa, na leo sina hakika tunaitwaje.

Mambo haya yalianza Wizara ya Shangwe ilipotuma maofisa mashuleni kupima furaha ya watoto. Waliingia madarasani na fomu zao, wakasimama mbele, wakauliza kwa sauti ya kituo cha polisi, "Mna furaha?" Watoto, kama tulivyowafundisha, wakasimama wote pamoja na kujibu, "Shikamooni." Wizara ikaandika kwamba furaha ya taifa ni asilimia tatu. Hiyo tatu yenyewe ilipatikana kwenye shule moja ya milimani, ambako siku hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa anaumwa.

Basi ukatangazwa Mwaka wa Michezo na Vinyago. Lengo, kwa maneno ya Waziri mwenyewe, lilikuwa "kumshirikisha mtoto na jamii yake katika shangwe, atake asitake." Kila wilaya iandae gwaride la vinyago na mavazi barabarani, kisha watoto wafanye halaiki uwanjani mbele ya mgeni rasmi. Nilifurahi, sikatai. Nilidhani mwaka wa michezo ni mwaka wa kucheza. Wiki ya kwanza kiwanja chetu kikazungushiwa seng'enge, ili watoto wasikanyage nyasi kabla ya sherehe ya michezo. Wiki ya pili vipindi vya michezo vikafutwa, ili upatikane muda wa kufanyia mazoezi ya sherehe ya michezo. Mipira minne ya shule ikakusanywa, ikapakwa rangi ya dhahabu na kufungiwa kabatini ofisini kwa Mwalimu Mkuu, pamoja na kibao kilichosema USIGUSE.

Wazazi walipouliza watoto watacheza lini, walijibiwa kwamba watacheza mwaka utakapokwisha.

*

Wilayani kwetu aliletwa Mratibu wa Furaha, Bwana Mbwembwe. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, na alikuwa na kipaza sauti cha mkononi alichokitumia hata kuagizia chai. Alitukusanya walimu wote wa michezo wilayani akatuhutubia, nasi tulikuwa watano tu, tumekaa hatua mbili mbele yake.

"Ndugu walimu," kilinguruma kipaza sauti, "mtoto mmoja ni mtoto. Watoto elfu moja na mia mbili ni uso."

Alimaanisha uso wa Mtukufu Rais. Kila mtoto angepewa nukta yake ya chokaa, nukta na namba yake, na wote wakishakaa kwenye nukta zao, mtu aliye jukwaani angeuona uso wa Mtukufu umelala chini, unatabasamu. Watoto wa ngozi wangevaa kahawia, wa meno wangevaa nyeupe, wa sharubu na wa macho wangevaa nyeusi. Halafu ikipigwa filimbi, watoto arobaini wa jicho la kushoto wangechuchumaa na kujifunika kitambaa cha kahawia, kisha wangesimama tena. Jicho lingefumba na kufumbua.

"Hakuna nchi duniani," alisema Bwana Mbwembwe, na kwa kweli alikuwa na machozi, "ambayo kiongozi wake amemkonyeza mgeni rasmi kwa kutumia watoto arobaini."

Tulipiga makofi. Mimi nikateuliwa Karani wa Nukta, kazi ya kumjua kila mtoto kwa namba yake na kuhakikisha hakuna nukta iliyo tupu. Nilipewa filimbi na daftari.

Katikati kabisa ya mboni ya lile jicho kulikuwa na nukta namba 412. Hapo nikamweka Mize, mtoto wa Bi Chiku mpiga pasi, darasa la nne, umri miaka kumi. Nilimchagua kwa kuwa alikuwa mtulivu na hana maneno. Mtoto mtulivu huonewa kwa urahisi. Nilikuwa nalijua hilo siku nyingi, na siku ile nililitumia.

Mazoezi yalifanyika kwenye changarawe nyuma ya ghala la pamba, maana uwanjani nyasi zilikuwa zimepumzika. Tulianza saa mbili asubuhi, tukamaliza saa tisa alasiri. Watoto wa kidevu na wa pua waliruhusiwa kwenda kunywa maji kwa zamu. Watoto wa jicho hapana. Bwana Mbwembwe alinieleza sababu yake kwa upole sana.

"Mwalimu, jicho likitoka mtoto mmojammoja, mtu wa jukwaani ataona linachuruzika. Atasema Mtukufu analia. Mtukufu halii."

Kwa hiyo jicho lilikaa juani, limevaa nguo nyeusi za mikono mirefu na kofia nyeusi za kubana, bila maji mpaka saa tisa. Nami nilisimama kivulini pa ghala na filimbi yangu. Karani anahitaji kuona nukta zote kwa pamoja, na kivuli kilikuwa mahali pazuri pa kuzionea.

*

Bi Chiku alikuja shuleni asubuhi ya Jumapili, kabla mazoezi hayajaanza. Anapiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa, na mikono yake ina alama za moto hadi kwenye viwiko. Mumewe alikwenda nchi jirani kutafuta kazi akapata familia. Mize ndiye mtoto wake pekee.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, Bi Chiku. Karibu."

"Mize ana homa, leo siku ya tatu. Kichwa kinamuuma, hali chakula, na mkojo wake umekuwa rangi ya chai. Naomba akae nyumbani mpaka apate nafuu."

"Ingekuwa mimi ningemruhusu sasa hivi," nikamwambia. "Tatizo yumo jichoni."

"Jichoni mwa nani?"

"Mwa Mtukufu."

Alikuwa mwanamke wa kutafuta njia, si wa kubishana. "Basi mtoe jichoni mwalimu wangu, mweke sikioni. Masikio yake hayana kazi nyingi."

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana dirisha lilikuwa wazi. Nikamfafanulia Waraka Namba Tisa. Kwa waraka huo, badiliko lolote katika kiungo chochote cha Mtukufu lazima liidhinishwe na mtaalamu wa kiungo hicho. Na utaratibu ulikuwa unafanya kazi, nisiwe mchoyo wa sifa. Mtoto mmoja wa sharubu alipovunjika mguu, kibali cha kumbadilisha kilitoka kwa kinyozi wa Ikulu siku ileile. Mtoto wa jino la mbele alipopata surua, daktari wa meno alikuja mwenyewe, akamtazama mtoto, akasema ang'olewe. Lakini jicho lilikuwa la daktari bingwa wa macho katika hospitali kuu ya mji mkuu, na daktari bingwa ni mmoja.

"Nitamwandikia leo," nikasema.

"Na Mize?"

"Mize inabidi aje, mpaka jibu lirudi. Nukta ikiwa tupu, mzazi anashtakiwa kwa kumtoboa Mtukufu jicho."

Bi Chiku alinitazama kuona kama natania. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi huyu mtoto ndiye niliye naye. Nirudishieni tu."

Nikamwambia avumilie. Ni neno jepesi sana kutamka ukiwa umekaa kwenye kiti. Nikaandika barua nzuri, yenye nakala tatu, nikaipeleka posta mwenyewe. Nilirudi nikijiona nimemsaidia mtu.

Siku nne Bi Chiku alimleta mwanawe mgongoni hadi kwenye ghala, akamshusha, akamvalisha zile nguo nyeusi na kuondoka kwenda kupiga pasi. Mize hakulalamika. Mara moja tu, nilipopita kuhesabu, aliniuliza, "Mwalimu, bado sana?" Nikamwambia bado kidogo. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Alhamisi, saa sita mchana, nilipiga filimbi. Watoto arobaini wakachuchumaa. Nikapiga tena. Wakasimama thelathini na tisa.

Bwana Mbwembwe ndiye aliyeona kwanza, kutoka kwenye ngazi aliyokuwa amepanda. "Jicho lina kasoro," kipaza sauti kikasema. Nilikwenda mbio. Nilipomwinua Mize kichwa chake kiliniangukia begani, na mwili ulikuwa wa moto na mkavu. Hakuwa mzito kuliko mkoba wa vitabu. Nikakimbia naye hadi kituo cha afya, na huko nikakuta wauguzi wako kwenye mazoezi yao ya gwaride, wamevaa kama sindano. Mmoja alipotuona alikuja mbio, lakini vazi lile lilikuwa la mabanzi na urefu wake ulipita mlango. Ilibidi avuliwe kwanza. Vifungo vilikuwa kumi na viwili, vyote mgongoni.

Mize alifariki Ijumaa jioni, mama yake akimpepea kwa kipande cha kanga.

Jibu la daktari lilikuwa limefika shuleni mchana wa siku hiyohiyo. Ninalo mpaka leo. "Baada ya kusoma maelezo yenu," aliandika, "nimeridhika kwamba jicho hili limechoka. Lipumzishwe siku saba, likandwe kwa maji ya uvuguvugu, na lisipigwe jua." Ilikuwa barua ya mtu mwema, na kila alichoagiza kilikuwa sahihi.

*

Sasa tatizo likawa mazishi.

Ile ilikuwa Wiki ya Furaha. Ndani ya wiki hiyo ilikatazwa kulia hadharani, kukaa matanga na kuvaa kaniki. Aliyefiwa aliombwa kwa heshima aahirishe. Jumamosi yenyewe ndiyo ilikuwa siku ya gwaride, na njia ya makaburini kwetu ni moja tu, ni hiyohiyo ya gwaride, inayopita kando ya ua wa uwanja kisha kuendelea mpaka makaburini. Asubuhi na mapema nikamsindikiza Bi Chiku kwenye hema la Mratibu.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Mbwembwe kwa kipaza sauti. Halafu akakumbuka, akakishusha. "Pole. Lakini barabara imefungwa. Haipiti baiskeli, haipiti mbuzi. Wanapita washiriki tu. Mzikeni Jumatatu."

"Baba, maiti haiwekwi mpaka Jumatatu. Kwa joto hili?"

"Naelewa. Hata mimi nina watoto. Lakini gwaride lina ratiba."

"Mimi sitaki ugomvi na gwaride. Nataka mwanangu azikwe leo. Sina ombi jingine."

Bwana Mbwembwe alijikuna kidevu. Nataka niwe mkweli juu yake, hakuwa mtu katili. Alikuwa na huruma kama watu wengine, ila huruma yake haikuweza kutembea bila fomu. Mara uso ukamchangamka, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi.

"Kama wanapita washiriki," akasema, "basi shirikini. Kundi namba kumi na saba limejitoa. Jina la kikundi?"

Bi Chiku akanitazama. Nikajibu mimi, "Bi Chiku na Majirani."

"Aina ya sanaa?"

"Kubeba," Bi Chiku akasema.

"Kubeba nini?"

"Kubeba tu, baba."

"Idadi ya washiriki?"

"Kumi na wawili. Na mmoja anayebebwa."

"Anayebebwa ana vazi?"

"Analo. Jeupe."

"Jeupe ni zuri, linaonekana kwa mbali." Akaandika. "Ujumbe wa kikundi kwa taifa?"

Tulisubiri. Nje tulisikia watu wa tarumbeta wakijaribu pumzi. Mwishowe Bwana Mbwembwe akajaza mwenyewe, Amani na Mshikamano, akapiga mhuri. Akatukumbusha kwamba kulia ni marufuku, na kwamba wale watakaoshindwa kutabasamu wajitahidi wasikunje uso. Kundi namba kumi na sita lilikuwa la waoka mikate waliovaa kama mikate. Namba kumi na nane walikuwa vipepeo wa darasa la pili.

Akanigeukia mimi. "Na wewe Mwalimu, nenda uwanjani. Pale 412 wekeni beseni, mlifunike kitambaa cheusi."

Tukaweka beseni. Halikuhitaji maji wala kibali cha daktari.

*

Niliyaona machache kwa macho yangu, maana nilikuwa uwanjani na filimbi. Mengine nimesimuliwa na waliokuwepo, na hawapingani.

Gwaride liliondoka posta saa nne. Mbele walikwenda watu wa miguu ya miti, wakafuata wavuvi waliovaa kama samaki, wauguzi waliovaa kama sindano, na watu wa mamlaka ya maji waliovaa kama mvua. Barabara ilijaa pande zote mbili. Watu walikuwa wanacheka, na si kwa amri. Vinyago vilikuwa vizuri. Mafundi wa kwetu wanajua kazi, na mtoto akiona samaki mrefu kuliko nyumba anatembea, atacheka tu. Ningependa hilo likumbukwe pia.

Halafu likaja kundi namba kumi na saba. Halikuwa na ngoma. Wanaume wanne walibeba jeneza dogo, wanne wakisubiri zamu, nyuma yao wanawake wanne, Bi Chiku akiwa mmoja wao. Mbele alitembea karani wa gwaride na kibao cha namba, anatabasamu kama alivyoelekezwa, mpaka alipogeuka akaona anawaongoza kina nani.

Lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu wageni hawaijui na Bwana Mbwembwe alikuwa mgeni. Kwetu jeneza halitazamwi likapita. Likikupita mahali, unaacha ulichokuwa unakifanya, unalifuata, na unatia bega japo hatua saba. Haijalishi unamjua marehemu au humjui, au kama una haraka. Mwenye duka huacha duka wazi, mgomvi huacha ugomvi. Hakuna aliyetuamuru, na pengine ndiyo maana tunaitii.

Waliokuwa kando ya barabara wakaacha kucheka. Wakashuka barabarani, wakafuata. Vipepeo wa darasa la pili walikuwa nyuma moja kwa moja, hawakuhitaji kugeuka, ila waliacha kupiga mabawa. Waoka mikate walipoona kimya kimewashika mgongoni waligeuka, wakavua vichwa vya mikate, wakarudi kutia bega. Habari ikapanda mbele kwa kunong'ona, kundi hadi kundi. Samaki wakageuka. Mvua ikageuka. Wale wa miguu ya miti walishuka kutoka juu ya miti yao, wakaiegemeza ukutani, wakarudi kwa miguu yao wenyewe. Watu wa tarumbeta walibana vyombo vyao kwapani. Polisi waliowekwa kuzuia mtu asiyeshiriki kuingia barabarani walitazamana, wakavua kofia, na walikuwa na mabega mapana, walisaidia sana.

Uwanjani sisi tulikuwa hatujui kitu. Watoto walikuwa kwenye nukta toka saa moja. Mgeni rasmi, Waziri wa Shangwe mwenyewe, alitarajiwa saa nne. Akafika saa saba, na alipoketi jukwaani ndipo lile jeneza lilipotokea kando ya ua.

Kwanza nilisikia miguu. Maelfu ya miguu, na hakuna sauti nyingine. Kisha nikaliona lile jeneza juu ya mabega, jinsi lilivyokuwa dogo.

Watoto wa jicho ndio walioanza. Walijua anayepita ni nani, walikuwa wamekaa naye siku ishirini na moja. Msichana wa nukta 411 akasimama, akatoka. Akafuata wa 413. Walitoka mmojammoja, wamevaa nyeusi, wakapita juu ya shavu, wakateremka kandokando ya pua kuelekea lango lililokuwa upande wa kidevu. Bwana Mbwembwe akanipigia kelele kwa kipaza sauti nipige filimbi. Ilikuwa mdomoni. Mara zote nilikuwa nimeipiga. Siku ile niliiacha ikae mdomoni mpaka mate yakaijaa.

Kutoka jukwaani Waziri aliona uso mkubwa wa Mtukufu unalia.

"Mratibu," akauliza, "hii imo kwenye ratiba?"

Bwana Mbwembwe alikuwa ameloa jasho. "Imo, Mheshimiwa."

Waziri alisimama akapiga makofi. Wote waliokuwa jukwaani wakasimama, wakapiga makofi. Lile jicho likaisha, likafuata jicho la pili, likafuata paji, sharubu, meno. Watoto elfu moja na zaidi walipita langoni bila kusukumana, jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka kumi na tisa ya ualimu. Uwanjani lilibaki beseni.

Mimi nilitoka wa mwisho. Nilipofika makaburini walikuwa wanafukia. Samaki walikuwa wanashika majembe. Vipepeo walikuwa wamekaa chini kati ya makaburi, mabawa yamekunjika, wengine wamesinzia kwa uchovu. Bi Chiku alisimama na wanawake wenzake, na hakuvunja amri ya serikali, hakulia. Nikalia mimi. Sikuwa na haki ya kulia mbele yake, maana namba 412 niliiandika kwa mkono wangu, lakini nililia, na polisi aliyekuwa karibu hakunikamata.

*

Ripoti ya Wizara ilisifu wilaya yetu. Ilisema halaiki ya uso unaolia ni ubunifu wa kiwango cha juu, na kwamba katika historia ya taifa hakujawahi kutokea kikundi kilichoshirikisha jamii kama kundi namba kumi na saba, ambalo lilianza na watu kumi na watatu na kumaliza na wilaya nzima. Bwana Mbwembwe alipandishwa cheo. Na ukatoka waraka mpya, ninao hapa, unaozitaka wilaya zote, kuanzia mwakani, kila moja iandae kundi lake namba kumi na saba. Vifaa vitatoka wilayani kwenyewe.

Jumatatu kilio kiliporuhusiwa tulikaa matanga. Wanawake walikuwa kwenye mikeka uani, mimi nilikuwa nimeleta nguo za nyumbani za Mize, zile alizozivua ghalani Alhamisi, nimezikunja kwenye gazeti. Kabla sijazitoa akaingia Bwana Mbwembwe na kikombe cha ushindi chenye masikio mawili. Alihutubia kwa ufupi, bila kipaza sauti. Bi Chiku akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, baba," akakiweka mkekani. Hakukuwa na lolote zaidi la kufanya. Bwana Mbwembwe akasimama kidogo, akatoka.

Nikampa Bi Chiku lile gazeti lenye nguo za mwanawe. Akalifungua, akalitazama gauni, akaipapasa mikunjo kama fundi wa pasi anavyopapasa.

"Mwalimu," akasema, "mazoezi yenu hamkuturuhusu kuyaona."

"Ndiyo, Bi Chiku. Ilikuwa siri."

"Mize akirudi nilikuwa namuuliza, huko jichoni mnafanya nini? Anasema tunaruka. Anasema jicho ndilo linaloruka juu kuliko wote, kuliko pua, kuliko sharubu. Namwambia basi nionyeshe. Anasema leo nimechoka, mama, utaona siku yenyewe." Akainua macho. "Ni kweli alikuwa anaruka?"

Mimi ni Karani wa Nukta. Najua alichofanya namba 412 kila dakika kwa siku ishirini na moja. Alichuchumaa, akajifunika, akasimama.

"Ni kweli," nikasema.

"Alikuwa anarukaje?"

Nikavua viatu. Nikasogea katikati ya ua, mtu mzima mwenye mvi na suruali ya kazini, nikarusha mikono juu, nikaruka. Nikageuka, nikaruka tena. Magoti yalilia, vumbi likapanda, na hakuna aliyecheka.

"Juu zaidi ya hapo, Mwalimu," Bi Chiku akasema. "Yeye alikuwa mwepesi."

Nikaruka juu zaidi ya hapo.